Dada Chebet, Huku Ndalu Bado Tunaita Luka

Mpendwa dada yangu Chebet,

Bwana asifiwe! Sisi huku Ndalu tuko wazima kwa neema yake, mvua ni nzuri na mahindi yamefika magotini. Wewe Kitale unaendeleaje? Na lile goti, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Nakuombea kila asubuhi, goti na mwenyewe.

Barua hii nimeiacha wazi ili hata wale waliosema unadekeza wasichana waisome. Najua neno hilo ndilo lililokufanya urudishe filimbi ya timu ya kanisa ukaenda zako.

Sisi tuliocheza voliboli zamani tulifunzwa kwa kiboko. Ukikosa mpira, unatukanwa, kisha unazunguka uwanja kwa magoti. Halafu ukaja wewe. Siku ya kwanza ulikaa tu kwenye nyasi ukitazama, mpaka nikakuuliza, “Madam, si uwapigie filimbi?”

“Ngoja kwanza, Mama Timu. Naangalia kila mmoja anafanya nini kabla hajakosa.”

Ukaona ambacho sisi hatukuwa tumeona: Nasimiyu, mpigaji wetu wa mbele, huzuia pumzi, mabega yanapanda, miguu inakwama chini. Ukatuambia tusimwambie “usikose.” Tumwambie cha kufanya, na akikifanya tumsifu hapo hapo, si jioni. Cha kufanya kilikuwa neno moja tu: ruka. Lakini sisi watu wa Bungoma unajua ulimi wetu, “r” ikipita hapo inatoka “l”.

Unakumbuka ile mechi ya Chwele? Ilikuwa siku ya soko, hata wauza ng'ombe walikuja kutazama. Nikapaza sauti kutoka benchi, “Luka, Nasimiyu! Luka!”

Jamaa mmoja juu ya bodaboda akadakia, “Ati Luka? Mathayo na Marko mmewaacha nyumbani?”

“Wametuletea Agano Jipya, bana!” mwingine akasema. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nasimiyu akaganda, mpira ukampita kama hauoni.

Ukaomba mapumziko. Nilikuwa najaribu kulinyoosha lile neno mdomoni, ukanishika mkono. “Usilibadilishe, Mama Timu. Hawa wametupatia zawadi.” Ukamgeukia Nasimiyu: “Ukisikia Luka, hata kama ni ya kuchekwa, hiyo ni ishara yako. Toa pumzi, shusha mabega, nenda juu.”

“Na wakinyamaza, madam?”

“Basi jiite mwenyewe.”

Msichana akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka katikati ya mechi. Mpira uliofuata aliupiga ukatua upande wa pili kabla ya yule wa bodaboda kufunga mdomo.

Mechi hiyo tulishindwa, na hapo ndipo maneno yakaanza: ati ungewachapa, wangeshinda. Dada, mimi niliyekuwa benchi nilimwona mtoto akipata miguu yake. Hilo hakuna wa kunipokonya.

Sasa sikia. Tangu uondoke, kiboko hakijarudi uwanjani. Jumamosi iliyopita Nasimiyu alikuwa anafunza wadogo. Mmoja akakosa, akaanza kulia. Nasimiyu akapiga magoti mbele yake, akamwambia polepole, “Shusha mabega. Haya, Luka.” Nikasikia sauti yako kabisa, ila kwa ulimi wa kwetu.

Na yule mzee wa kanisa aliyekusema kuliko wote? Amemleta mjukuu wake mazoezini. Mtoto aliporuka, mzee akasahau cheo chake, akapiga kelele, “Luka, mama! Luka!” Nilicheka mpaka nikashika neti.

Jumapili baada ya ibada kamati inachagua kocha. Yupo anayeitaka filimbi, na amesema wazi kwamba atakuja na kiboko chake. Mimi nitasimama nitaje jina lako, na sina hofu, Mungu ameshatangulia. Lakini siwezi kutaja jina la mtu nisiyejua kama atakuja. Ni Jumamosi tu tunazokuomba. Goti lako halihitaji kuruka, linahitaji kiti, na kiti kipo, pale pale kwenye nyasi.

Ulitufundisha tusimwambie mtu asichotakiwa kufanya. Kwa hiyo sikuambii usikatae, wala usiogope maneno ya watu. Nakuambia moja tu: Luka, dada.

Tafadhali nijibu haraka, kabla ya Jumapili.

Ni mimi dada yako katika Bwana,
Mama Timu