Kabla Mtoto Hajapewa Jina Langu

Rubona, Gisenyi
7 Machi 1999

Mpendwa mpwa wangu Mutabazi,

Nimekuficha jambo kwa miaka ishirini na sita. Niliwaandikia kwamba siku mama yako alipokuja shuleni kwangu, mwaka 1973, nilikuwa safarini. Sikuwa safarini. Yeye alijua, na hadi anazikwa huko Kigoma hakunisuta katika barua hata moja.

Hujambo wewe, na mkeo, na kichanga chenu? Mimi kifua kimenishinda. Daktari ameacha kuniandikia dawa mpya. Barua yako, kwamba Pasaka mtambatiza mtoto kwa jina langu, Straton, niliisomea kitandani. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu, Jumapili alasiri, jirani yetu Damascène alileta kaseti ya video kutoka Goma. Akaniambia, "Muzee, hii iko ya kuchekesha tu," akaniwekea mto mgongoni. Ni mchezo wa familia ya Wamarekani weusi, umetiwa maneno ya Kifaransa. Baba ni wakili anayegombea udiwani katika mji wenye Wazungu wengi. Nilipenda kuwaona weusi wenzetu wana rafu za vitabu, wanabishana siasa mezani bila kuchungulia dirishani.

Lakini wakili huyo ana dada mweupe wa ngozi, na kazini wanamdhani Mzungu. Mama yao alimpelekea chakula ofisini. Binti akawaambia wenzake kwamba yule ni mfuaji wake wa nguo. Watu wasioonekana wakacheka ndani ya kaseti, na sebule yetu yote ikacheka. Mjukuu wangu Iriza tu ndiye aliyeuliza, "Mama yake amekosa nini?" Dakika chache baadaye mama na binti walikumbatiana jikoni, muziki ukapigwa, ikaisha. Nikaomba nirudishwe kitandani.

Mutabazi, mama yako na mimi tulizaliwa Watutsi. Mwaka 1965 karani wa komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, niliyesoma naye, aliniandika Mhutu kwenye kitambulisho. Nikahamia kufundisha mjini, ambako hakuna aliyejua ukoo wetu. Orodha za walimu Watutsi wa kufukuzwa zilipobandikwa milangoni mwa shule, mwaka ule wa 1973, jina langu halikuwamo. La mama yako, aliyefundisha Nyamyumba, lilikuwamo.

Binti yangu Thacienne hajui haya. Nitamwambia barua hii ikishaondoka. Anakusalimu sana, pia Iriza na Damascène. Nisalimie mkeo na dada yako Murekatete. Mungu amkuze mtoto, ampe moyo imara kuliko wangu. Jina lake uliamue baada ya kusoma yaliyobaki. Nimeyaacha hadi hapa kwa woga.

Nilikuwa nimesimama langoni pa shule pamoja na vijana wa kamati ya kufukuza watu. Mama yako akaja, wewe mgongoni, una homa. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni ndugu yako?"

Nikasema, "Simjui."

Alinitazama. Kisha akawaomba radhi, akasema amekosea mlango. Wakamcheka. Lango nililifunga mimi mwenyewe.

Wako akupendaye, hata ukinikataa,
Mjomba Straton