Petroli Niliyoikana

Mjukuu wangu Furaha,

Bibi yako amepona malaria. Mimi miguu imekataa kazi. Unauliza mujiandae vipi huko Kalemie kwa tufani na umeme kukatika. Jazeni maji, wekeni viberiti katika plastiki. Lingine ni siri yangu, na siku zangu zimebaki chache.

Nilipokuwa mwalimu kijana hapa Uvira, jirani yangu Baba Neema, mvuvi wa ndagala, alirudisha nyumbani mchana taa zake za karabai za kuvulia usiku.

"Mwalimu, petroli ya taa iko? Tufani inakuja."

Nikamshuku kwamba anapeleleza nyumba yangu aje kuiba. "Haiko," nikajibu, na bidoni ya petroli imejaa chini ya kitanda.

Jioni tufani ikaangusha nguzo za umeme. Baba Neema akaja amelowa, ameshika karabai inayowaka.

"Chukua. Weye hauna petroli."

"Na nyinyi?"

"Yetu imeishia humo. Wavuvi tunaogopa giza?" Akacheka.

Nikaipokea. Kwake mtoto mgonjwa alikuwa akilia gizani. Ningeweza kumpelekea bidoni, lakini angejua kwamba nilimdanganya. Basi nikafunga dirisha.

Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Babu yako