Sindano Nane na Pazia

Shosti, usicheke.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi ya shule kwa mkono wa kushoto, maana lile bega la kulia limegoma kabisa. Mama akasema basi, leo twende kwa yule mtaalamu wa viungo anayechoma sindano.

Sindano nane! Hazina dawa, nyembamba kama unywele. Anachoma palepale penye fundo, msuli unaruka wenyewe, halafu anaziacha humo. "Dakika kumi na tano tu, binti. Usitikisike." Akavuta pazia, akaenda zake.

Hakurudi.

Nimelala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, naona vigae tu. Namsikia anacheka na dada wa mapokezi. Nasikia wanafunga madirisha. Wanafunga madirisha, shosti! Na mimi sauti haitoki. Nikijaribu, inatoka pumzi tu.

Saa nzima. Mpaka Mama akauliza, "Jamani, mwanangu mmempeleka wapi?"

Mtaalamu akaja mbio. "We binti! Mbona hukuita? Mdomo si unao?"

Nikasema nilidhani ndivyo inavyokuwa.

Mama akacheka. "Huyu? Hata shuleni husemewa na rafiki yake."

Sikumwambia kwamba tangu mwezi uliopita wewe unakaa benchi la wale wengine. Nikavaa shati.

Bega limelegea, lakini.

Kesho naomba nikae na nyinyi. Hata mwisho wa benchi, sitaongea.

Naona umeshasoma.

Upo?