Ijumaa Niliyomnyamazia Mama Mkwe

Jumanne, 3 Juni

Na bado nashikilia nilichoandika jana: hakuna mwanamke mtaa mzima wa Kambarage aliyeolewa vizuri kama mimi. Wiki ya tano ya ndoa leo. Mume wangu Shija yuko Nyarugusu, anatengeneza pampu za wachimbaji wa dhahabu, lakini saa kumi na mbili asubuhi alifungua zaburi ileile niliyofungua mimi hapa. Ndiyo kanuni ya kwanza ya jumuiya yetu. Familia sita, ua mmoja, kanuni tisa kwenye kadi tuliyotia sahihi siku tuliyohamia. Wengine wanaona mzigo. Mimi naona tumeshikana mikono kwa mbali. Nampenda mpaka naona aibu kuandika.

Alhamisi, 5 Juni

Shija amepiga simu. Mama yake hajaikubali jumuiya. Anasema tunaishi kama wanafunzi wa bweni. Atakuja siku yoyote kutoka kijijini, upande wa Kahama, ajionee. Akiona nimefundishwa dharau, anataka tuhame. Shija hawezi kumkatalia mama yake.

Sina wasiwasi. Nitapika wali, nitapiga magoti vizuri. Atanipenda.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeharibu.

Ijumaa ni siku ya kimya, alfajiri mpaka saa sita mchana. Sijawahi kukivunja, na nilikuwa najivunia. Saa nne mama mkwe akasimama mlangoni, kuku mkononi, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kichwani. Nikapiga magoti. Sikufungua kinywa. Nikavuta daftari, nikaandika: Shikamoo mama, karibu, leo ni siku ya kimya. Nikachana karatasi, nikampa kwa mikono miwili.

Mama mkwe hajui kusoma. Shija aliniambia. Nilisahau.

Akaigeuza juu chini. "Hii nini, barua ya kuniita mahakamani?"

Nikatabasamu tu.

"Kumbe Shija ameoa bubu, na hakuna aliyeniambia."

Akaweka kuku na michembe kizingitini, akaondoka. Na mimi nimepiga magoti palepale, mjinga kabisa. Saa sita ilipogonga nikakimbia mpaka stendi. Basi lilishaondoka.

Jumamosi, 7 Juni

Shija amerudi. Nilimweleza kabla hajavua viatu.

"Mama yangu, Neema. Karatasi."

Akaenda kufua nguo zake mwenyewe. Nguo za tope nilizozisubiri tangu Jumatatu kwa hamu. Imeniuma kuliko kama angenigombeza.

Kwenye chakula cha jioni cha pamoja, kila mtu husema kosa lake la wiki. Nikasimama. Moyoni nilitegemea wanisifu kidogo kwa kushika kimya. Mama Tuzo, mkubwa wetu, aliyekuwepo kadi ilipoandikwa, akaweka kijiko chini.

"Tuliandika kimya tuache kelele zetu. Salamu ya mama mzazi nayo ni kelele?"

Mumewe akadakia: "Mkamwana wangu angenipa karatasi, ningemrudisha kwao na karatasi hiyohiyo."

Wakacheka wote. Shija naye, mwishoni. Mama Tuzo akaomba kalamu, wakakubaliana, akaongeza mstari kwenye kadi: mgeni akifika, kimya kimekwisha. Mstari wangu huo. Nimeulipia.

Shija ameshanishika mkono tena. Lakini amesema wazi: mama asiporidhika, tunahama.

Jumatatu, 9 Juni

Mama hapokei simu. Kuku ametaga. Hakuna anayethubutu kumchinja.

Jumatano, 11 Juni

Leo amepokea. Nilipiga magoti sakafuni, ingawa hanioni, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Kimya. Nikasikia mtu anatwanga huko kwake. Nikasalimia tena. Kimya. Sikukata. Hivi ndivyo alivyosimama mlangoni kwangu, na mfuko kichwani. Nikamwambia nimekosa, nilishika kanuni nikamwacha yeye.

Mchi ukanyamaza.

"Kumbe una sauti," akasema. "Kuku wangu?"

"Ana mayai matatu, mama."

"Mlete nimwone. Na kwangu hakuna siku ya kimya. Utaongea mpaka uchoke."

Nikamwambia hajui anachokiomba. Akaguna, nadhani alicheka.

"Mwambie Shija asifunge mizigo kwanza."

Nimeifuta michembe vumbi, nimeiloweka. Jua linaingia dirishani, Shija yuko Nyarugusu, zaburi ya kesho nimeshaiwekea alama. Kabla Juni haijaisha tutapanda basi la Kahama, mimi, yeye na kuku. Nitaanza kusalimia nikiwa bado njiani.