Baba, Ulisikiliza Mpaka Mwisho

Malvern, Johannesburg

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepunguza kuuma na usingizi unapata. Huku tuko wazima, ila uchovu tu. Kutwa nasimama saluni nikisuka, jioni miguu imevimba. Tumaini anakua, kwa Kizulu ananishinda. Ningekupigia, lakini tangu Jumapili ile hupokei simu yangu, ndiyo maana barua hii nampa dada wa kanisani anayerudi Morogoro.

Baba, nimechanganyikiwa. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba muziki wa dansi ni wa shetani. Nami nakumbuka kabla hujaokoka: viti vinatolewa nje, santuri ya Kimarekani inawekwa, matarumbeta yanalia, na wewe unamzungusha mama mpaka kanga inamdondoka. Halafu mchungaji akaja, santuri zikachomwa uani. Mama alisimama mlangoni akiziangalia zikiungua.

Sasa huku bibi mwenye nyumba tunayopanga, tunamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, ndiye anayenishikia Tumaini nikiwa kazini. Ni mama wa kanisa kabisa, Alhamisi anavaa blauzi yake nyekundu, sare ya akina mama wa kanisa lao, anakwenda kwenye maombi. Akirudi anaweka santuri zilezile. Zilezile, Baba! Siku ya kwanza nilimkuta mtoto kasimama juu ya miguu ya Gogo, wanacheza taratibu. Nikaanza kukemea mapepo kwa sauti, kama tulivyozoea nyumbani. Yeye akadhani nasifu. Akaitikia, "Amen!" akaongeza sauti ya santuri.

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Haibo, Mama Tumaini! Kwani siku ya mwisho kwenu itapigwa nini? Si tarumbeta?" Eish, Baba, wewe ungemjibu nini? Kisha akaniambia marehemu mumewe alimposa wakicheza muziki huo, na kwamba akiuzima nyumba inakuwa kubwa mno.

Ndio huo uliousikia kwenye simu Jumapili ile. Ulinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Nikaita, "Baba, upo?" Ukasema, "Tulia kwanza." Nikatulia. Wimbo ukaisha wote. Ndipo ukafoka: "Mtoe mtoto kwenye nyumba hiyo, la sivyo usiniite baba!" Ukakata.

Sasa nishike lipi? Kama ni dhambi, mbona ulisikiliza mpaka mwisho? Na kama si dhambi, mama alinyimwa nini miaka yote ile mpaka tukamzika? Sikulaumu, Baba. Nauliza kwa sababu sijui, na sina mwingine wa kumuuliza.

Ila hili nalijua: Tumaini simhamishi. Anapendwa pale, anashiba, analala mchana bila wasiwasi, nami nasuka moyo ukiwa umetulia. Na baba nitakuita, upende usipende.

Mfikishie shangazi anayekupikia salamu zangu, asikuzidishie chumvi. Kaka mkubwa naye mwambie namuombea kwa kazi yake mpya. Mume wangu anakuamkia, yuko lindoni. Mjukuu wako anasema, "Babu, sharp!" ndiyo salamu ya watoto wa huku.

Jumapili baada ya ibada nitapiga tena, na Gogo sitamwambia azime. Ukipokea, si lazima useme neno.

Binti yako akupendaye,
Rehema