Aliyebaki Sibwesa

Karema, kando ya Ziwa Tanganyika
Agosti 1956

Kwa dada yangu mpendwa Regina, Tabora,

Kabla ya neno lolote nakusalimu, wewe na nyumba yako yote. Je, hamjambo? Shemeji Telesphor amekwisha kung'olewa lile jino, au bado anamkwepa daktari na kusema limepona lenyewe? Na wapwa zangu, wanasoma? Sisi huku ni wazima. Baba anakohoa asubuhi, lakini hicho ni kikohozi chake cha siku zote, na siku asipokohoa ndipo nitakapokuandikia kwa hofu. Miguu yangu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Yake haina neno, na hilo analitaja kila tunapokaa kula.

Dada, ulipoondoka Nsemulwa baada ya matanga ya mama uliniachia kazi moja. Ulisema mama, katika ugonjwa wake, aliomba udongo wa kaburi la Fabiani uwekwe kwenye kaburi lake, na kwamba wewe mwenyewe ulitaka ushike japo kitu kimoja cha baba aliyekuzaa na usiyemwona hata siku moja. Tumeisikia habari hii tangu utoto: jinsi baba mkubwa Fabiani alivyochukuliwa upagazi katika vita ya Wajerumani na Wabelgiji ukiwa bado tumboni, jinsi habari ya kifo chake ilivyofika, na jinsi mdogo wake Ambrosi alivyomrithi mama, akakulea wewe, kisha akanizaa mimi. Lakini mahali penyewe hakuna aliyewahi kunionyesha. Baba akisikia Sibwesa inatajwa alikuwa anauliza habari za mahindi.

Basi nilipopata likizo katika mgodi wetu wa madini ya risasi nilimwendea. Nilijua atakataa, kwa hiyo nilianza kwa mbali. Nilimwambia kuna Mwingereza wetu mmoja wa mitambo ambaye kila likizo hurudi kwao na kutembea kwa miguu, siku hata siku, akipita mahali walipopigana vita, kwa kupumzika tu. Baba alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Aliuliza kama huyo Mzungu amefiwa na akili au na mke. Baadaye akatazama upande wa kaburi la mama, akasema twende basi nasi tukapumzike.

Nilikuwa nimeandaa kila kitu ili yeye asibebe hata fimbo. Asubuhi namkuta amejifunga ngata kichwani na juu yake sanduku langu la bati. Nikamsihi. Akaniambia njia hii anaijua kwa shingo, si kwa macho, na bila mzigo atapotea. Nilifikiri ni mzaha wa uzee, lakini tulipofika njia panda za Mpanda Ndogo, zilizobadilishwa na barabara mpya, mimi nikabaki nashangaa na yeye akaingia msituni moja kwa moja, sanduku likiyumba kidogo, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Kila palipokuwa na mlima alikuwa anapumua mapema, kabla hata mimi sijauona.

Regina, ningependa ungekuwapo. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mekundu, na harufu ya asali ilitufuata kutwa. Na baba yetu, huyu asiyesema, alisema! Alinionyesha mto ambapo yeye na wapagazi wenzake walilazimishwa kuvuka na masanduku ya risasi huku mamba wakiwatazama. Akanitania kwamba sisi watu wa mgodi tunaitafuta risasi kwa majembe chini ya ardhi, wao walikuwa wanaikimbia juu yake. Alinionyesha mahandaki ng'ambo ya kijiji cha Kabungu, yamejaa nyasi na mchwa, na mwanamke mmoja wa pale amepanda maboga ndani yake kwa sababu maji hukaa. Wazee wa kijiji hicho wanatia tumbaku ya kunusa katika maganda ya risasi. Baba akapewa moja, akanusa, akapiga chafya, akacheka, na kisha akalia. Mimi nikajifanya nafunga viatu.

Njaa aliisimulia, na viboko, na homa. Lakini pia aliimba. Nyimbo za safari zilimtoka moja baada ya nyingine, na nyingine si za kuandikwa katika barua ya kumwendea mama wa watoto. Nikaelewa jambo ambalo lilinitia huruma: vita ile ilikuwa mbaya, naye aliichukia, lakini ndimo ulimo ujana wake wote, na kaka yake wa kucheka naye. Walikuwa wakilala wamegeuziana migongo kwa baridi. Fabiani alikuwa mrefu, mwenye maneno, na chakula chake alikigawa kwa mkono wa kushoto ili wakubwa wasimwone. Hapo Kabungu ndipo walipotenganishwa. Baba akarudishwa na machela ya majeruhi, Fabiani akapelekwa mbele kuelekea ziwani.

Mwezi haukupita, mpagazi mmoja wa kwetu akarudi na kusema, “Fabiani amebaki Sibwesa.” Hapa nikueleze, maana hata mimi sikujua. Njiani, kwa wapagazi, kutaja kifo kulikuwa mwiko. Mtu akifa, wenzake walisema amebaki, basi. Amebaki mtoni, amebaki kilimani, na kila mmoja alijua maana yake, mzigo wake ukagawanywa. Kwa hiyo nyumbani walilia, wakanyoa, wakamaliza matanga, na ukoo ukampa baba mjane wa kaka yake.

Tulipofika Sibwesa tulikuta kijiji si kile. Watu wengi walihamishwa wakati wa ugonjwa wa malale, na kilichobaki ni nyumba chache na mashamba. Tukaelekezwa kwa bibi mmoja, Marsela, ambaye wakati wa vita alikuwa msichana wa kubalehe. Baba akatua mzigo, akapiga makofi ya heshima, akamuuliza kama anamjua Fabiani, mpagazi aliyebaki hapa. Bibi Marsela akasema anamjua sana. Alibaki chini ya mti ule pale, mama yake bibi ndiye aliyemshughulikia. Baba akashukuru. Akauliza kama tunaweza kuonyeshwa mahali. Bibi akasema hapana, hayupo tena hapa, watu walipohama naye alipelekwa Karema.

Dada, baba na mimi tulielewa jambo moja tu: mapadri wameihamisha mifupa. Tulikaa chini ya mti ule tukisifu huruma ya misheni. Baba aliridhika kabisa. Alisema afadhali kaka yake amelala mahali penye msalaba na kengele. Bibi Marsela alitutazama kwa mshangao, nasi tukadhani hasikii vizuri. Tukaaga.

Karema tuliingia mchana, ziwa linang'aa mpaka macho yanauma. Tulikwenda makaburini kwanza, kabla hata ya kunywa maji. Tulisoma misalaba yote. Mingine haina majina, na baba alisimama mbele ya kila mmoja usio na jina, sanduku kichwani, akimtaja kaka yake polepole, kisha anasogea kwa mwingine. Mwishowe katekista, Mwalimu Venansi, akatoka kanisani kuuliza tunatafuta nini. Nikamweleza: Fabiani aliyeletwa kutoka Sibwesa.

“Fabiani wa Sibwesa mnamtafuta huku?” akasema. “Nyie, mbona yuko pwani anashona nyavu.”

Hapo, dada yangu, kama umesimama, kaa.

Nilimgeukia baba. Akatembea kuelekea majini, na mimi nyuma yake, na njia nzima namwomba Mungu awe Fabiani mwingine. Nakuandikia kama ilivyokuwa: nilimwomba asiwe yeye. Penye mitumbwi alikaa mzee mrefu, wavu magotini, sindano ya nyavu mkononi. Akainua uso. Akamtazama baba kwa muda mrefu sana, uso, kisha ngata, kisha sanduku.

“Ambrosi,” akasema, “hawajakutua mzigo mpaka leo?”

Baba alikaa mchangani na sanduku bado liko kichwani. Ilibidi nilishushe mimi. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono wakaanza kucheka, wazee wawili, wanacheka na machozi yanawatiririka, mpaka wavuvi wakaja kuona kuna nini.

Habari yake ni fupi, na imenikosesha raha. Homa ilimwangusha pale Sibwesa, wenzake wakamwacha chini ya mti, na hawakusema uongo waliposema amebaki. Mama yake bibi Marsela akamlisha uji na kumtibu mpaka akasimama, lakini ilimchukua zaidi ya mwaka kupata nguvu ya kusafiri. Akaanza kurudi nyumbani. Alifika Kabungu. Hapo akakutana na watu wa kwetu wanaouza chumvi, ambao hawakumtambua kwa jinsi alivyokonda, naye akawauliza habari za Nsemulwa kama mgeni. Wakamwambia yule Fabiani alikwisha kuliliwa, mjane yuko kwa Ambrosi, wamepatana, na mtoto amezaliwa salama. Akawauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Hawakujua.

Alikaa pale Kabungu siku nzima. Anasema alijiuliza akiingia kijijini atamfanya mdogo wake nani, mwizi? Na mke wake atamwita nani? Akageuza njia, akarudi Sibwesa, na watu walipohamishwa kwa malale naye akaletwa huku Karema. Alioa hapa baadaye, mke amefariki, na binti yake Josephina ndiye anayetupikia migebuka, samaki wa ziwa hili, asubuhi na jioni. Watu wetu hawafiki Karema, sisi macho yetu yote ni Tabora, na nani angekwenda ziwani kumtafuta marehemu?

Nilipomwambia mtoto alikuwa wa kike, kwamba anaitwa Regina na ni mama wa watoto, aliacha kushona. Akaniomba nirudie jina. Kisha akauliza unacheka vipi. Swali gani hilo, dada? Nikamwambia unacheka kwa kuficha mdomo, naye akamwita Josephina acheke, na Josephina kwa haya akauficha mdomo kwa mkono.

Sasa nafika kwenye kazi yangu. Wazee hawa wawili walikaa peke yao penye mitumbwi, kisha wakaniita. Wamekubaliana kwamba nikuandikie tumeliona kaburi. Baba mkubwa alisema mama amezikwa kwa heshima kama mke wa Ambrosi, na yeye hataki kufufuka juu ya kaburi lake. Alisema wewe umeishi vizuri na baba mmoja aliyekufa na mmoja aliye hai, kwa nini akuvuruge? Akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, katika shamba lake la mihogo, akachota udongo, akaufunga katika kitambaa, akanikabidhi. Nikamtazama baba yetu. Baba hakuweza kunitazama.

“Nimemlea tangu kilio chake cha kwanza,” akaniambia. “Leo nikimrudisha kwa mwenyewe, mimi nitaitwa nani?”

Nilikubali, Regina. Niliwaahidi wote wawili. Na sikukubali kwa heshima tu. Tangu nizaliwe sijawahi kukufikiria kama nusu ya dada, na niliogopa barua hii ikikufika itakugawa. Nilianza kuiandika kama walivyotaka. Niliandika juu ya msalaba mzuri chini ya mwembe, na nyasi zilizofyekwa, nikaona mkono wangu unaandika vizuri mno, nikaichana.

Sikuliona kaburi, dada. Nimemwona baba yako. Ana meno yake yote ya mbele, anatembea bila fimbo, na anapenda ugali wa mihogo kuliko wa mahindi.

Baba Ambrosi utaendelea kumwita baba. Hilo sikuombi, nalijua. Ila ukija, mshike mkono yeye kwanza. Garimoshi litakufikisha Mpanda, na lori la misheni huja huku mara kwa mara kuchukua samaki. Mimi likizo yangu inakwisha, lakini baba amesema atabaki Karema mpaka mvua za kwanza. Nimemsihi atafute neno lingine.

Nisalimie shemeji Telesphor na watoto wote, na Mama Cecilia jirani yenu. Baba anakusalimu sana na anauliza kama blanketi lilifika. Josephina anakusalimu kwa haya, hajui bado ni nani wako, anadhani wewe ni dada wa mgeni tu. Mwalimu Venansi anakusalimu.

Baba Fabiani hakusalimu. Amenikumbusha mara mbili nisije nikasahau na kuandika salamu zake, maana marehemu hatumi salamu. Amekaa hapa karibu nami na wavu wake, hajui kusoma, na kila ninapoinua kalamu ananiuliza kama nimekwisha kuliandika lile jina lako, na liko wapi katika karatasi, alione.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Krispini Ambrosi