Baba Mkubwa Amewakatalia Wafadhili

Shangazi Raihana mpendwa, nisaidie haraka maana nimechanganyikiwa. Nafanya kazi katika chuo kikuu kimoja hapa Bujumbura, nakutanisha walimu na wafadhili wa utafiti, sasa mwezi uliopita walimu wakakataa katakata kujisemea, eti mtu mzima hajiombei pesa, tutafutie msemaji, nami kwa akili zangu fupi nikamleta baba mkubwa Népomuscène, ambaye kwenye sherehe za mahari husemea upande wa binti mpaka watu wanatokwa machozi kwa kucheka, naye akasalimia, akasifu ukoo wa kila mtu, kisha akawageukia wafadhili kama anavyowageukia wakwe, "Poleni na safari, lakini ule utafiti munatafuta hauko, tulishamupa mutu mwingine." Sisi tukapiga makofi tukingoja wabembeleze kama ilivyo desturi, maana upande wa binti hukataa kwanza kwa mzaha, kumbe mkubwa wao ni mgeni wa mambo haya, akasema asante, akafunga kompyuta, akarudi hotelini mtaa wa Rohero, na mwalimu Pascaline amebaki ameshika kopo la ndagala, vile visamaki vya ziwani, anazotafiti namna ya kuzikausha wakati wa mvua, hakuna aliyemuuliza kitu. Nimewabembeleza kwa simu, watarudi Ijumaa, mara ya mwisho, ikiharibika ofisi yetu inafungwa. Na baba mkubwa anatamba, "Si nilisema? Mukwe wa kweli anarudiaka!" Koti ameshapiga pasi. Nikimzuia atasusa mahari yangu na mchumba wangu Loïc mwezi ujao, na baba yangu alishafariki, sina mwingine wa kunisemea.

Mélissa

Mélissa mwanangu, pole, ila nimecheka hadi nikapaliwa na chai.

Hao walimu wako mwaka mzima wanawatoa wanafunzi jasho kwenye mtihani wa mdomo, leo mtu mmoja mwenye kompyuta anawafunga ulimi? Mficha uchi hazai. Nawe usijitoe: ulimleta mzee kwa sababu hata wewe unaona haya kuomba.

Sasa sikia. Leo jioni beba kreti ya anachokunywa, mimi sitaki kujua ni nini, uende kwa baba mkubwa. Mwambie wakwe wamerudi na binti ameshakubali, na binti akishakubali hakuna tena wa kukatalia. Ijumaa kazi yake ni mlangoni, apokee wageni, awachekeshe, kisha akae kiti cha mbele anywe. Atanuna kidogo. Anakupenda, atakuja.

Ile meza ya heshima na maua yake ya plastiki iondoe. Kila mwalimu akae na kazi yake mbele yake aisemee mwenyewe, na Pascaline awakaangie wageni ndagala. Mtu akishaonja huuliza, na akiulizwa mwalimu atajibu, si ndicho anacholipiwa?

Mwezi ujao baba mkubwa atasimama aseme Mélissa hayuko, ameshaolewa Kigoma. Mwache aseme, na ushukuru unaye wa kukusemea. Ila huyo Loïc mwonye mapema: akisikia hayuko, asinyanyuke kwenye kiti.